Mdhamini wangu alidhani nadaiwa

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa huu wa barua kuna kijana aliandika kwamba hii tabia ya makampuni kuwachunguza waombaji kazi ni uonevu mtupu, mtu ameshafaulu intavyuu sasa mnamchimbachimba za nini, na akamalizia kwamba madalali wa ajira wote ni wezi. Nilisoma nikiwa kwenye daladala nikacheka, afu nikaacha kucheka, maana yaliyonikuta mimi mwaka 2024 yangekuwa yake angeandika kurasa tatu. Ila sikubaliani naye, au niseme nakubaliana naye nusu, na hiyo nusu nyingine ndo imenifanya nikae chini niandike. Naomba tu msinikate katikati kama mnavyofanyaga.

Mimi ni mtunza stoo. Mzigo ukiingia nahesabu, ukitoka nahesabu, na jioni hesabu zisipokaa sawa silali. Mpaka mwaka huo wa 2024 nilikuwa nimeifanya miaka kumi, mitano ya kwanza kwa mzee mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi kule Gerezani, Kariakoo, na iliyobaki kwenye duka la jumla la vinywaji huku huku kwetu Tabata. Kule Gerezani hakuna aliyewahi kuniita jina langu. Bosi, wateja, wapakiaji, mama ntilie anayeleta chakula mchana, wote walikuwa wananiita Mama Stoo, na mi nilizoea mpaka siku moja benki wakaniita kwa majina yangu matatu nikakaa kimya kama wanamwita mtu mwingine.

Mwezi wa sita mwaka huo shemeji yangu akanipa namba ya kaka mmoja dalali wa ajira, ana ofisi maeneo ya Posta, ofisi ya kweli kabisa yenye feni na binti wa mapokezi. Kulikuwa na kampuni ya mizigo inatafuta msimamizi wa ghala, mshahara laki tisa na nusu, na mi wakati huo nalipwa laki tano na themanini. Nikamtumia sivii, yani karatasi ya elimu na kazi nilizofanya, kwa WhatsApp usiku huo huo.

Sasa hapa nimjibu yule kijana kwanza. Dalali wa nyumba unamlipa wewe mpangaji, kodi ya mwezi mmoja, hiyo tunaijua wote na tumeshalia nayo sana. Dalali wa ajira ni kinyume chake. Huyu analipwa na mwajiri, tena mara nyingi analipwa mtu wake akishaingia kazini, na wengi wana makubaliano kwamba mtu huyo akiacha au akifukuzwa ndani ya miezi ya mwanzo, mitatu hivi, dalali anatakiwa alete mwingine bure. Kwa hiyo hana sababu ya kukuchukia na hana sababu ya kukupenda, ana watu watano kwa nafasi moja na yeyote akipita kwake ni sawa. Ukishalielewa hilo hutaumia asipopokea simu, na pia hutammwagia siri zako zote kana kwamba mmezaliwa tumbo moja, maana yule anaongea na bosi mtarajiwa kabla yako na baada yako.

Anayekuomba hela ni kitu kingine. Hela ya fomu, hela ya usajili, hela ya kupima afya, hela ya "kumpoza HR" (afisa rasilimali watu), anayeomba hizo sio wakala wa ajira, huyo ni tapeli na wala usibishane naye, ondoka. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997 unaosema wakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, na hapa kwetu Tanzania sheria ya kukuza huduma za ajira ya 1999 inataka wakala awe amesajiliwa, kwa hiyo kumuuliza mtu "kaka, usajili wako uko wapi nione" sio ukorofi. Na hapa nakugusa na wewe Mhariri. Kwenye matangazo yenu madogo madogo nyuma kule naona "nafasi za kazi 50, mshahara mnono, piga namba hii", hakuna jina la kampuni, hakuna ofisi. Mkishaweka mnatuambia msomaji awe makini. Si mngekuwa makini nyie kwanza kabla ya kupokea hiyo hela ya tangazo?

Turudi kwa wangu. Yeye hakuniomba hata mia, na hilo nampa. Kosa lake ni kwamba aliipodoa sivii yangu.

Mi sikujua mpaka nimekaa mbele ya watu watatu kwenye intavyuu. Katikati mama mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni, ana karatasi yangu mkononi. Akaniuliza, "Hapa umeandika ulikuwa Meneja wa Ghala, ulikuwa unasimamia watu wangapi?" Nikaomba niione. Mhariri, nilisoma ile karatasi kama nasoma ya marehemu. Jina langu, halafu chini yake Meneja wa Ghala, Januari 2014 hadi Desemba 2019, halafu maneno mengine ya kiingereza kuhusu uongozi na mikakati ambayo mi mwenyewe ukiniambia niyatamke nitajing'ata ulimi. Mi niliandika Mtunza Stoo, 2014 mpaka 2019, basi. Na ukweli wenyewe niliingia mwezi wa sita 2014 nikatoka mwezi wa tisa 2019.

Nikawaza haraka. Nikikubali leo, kesho wataomba taarifa ya michango yangu ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na NSSF haijui mikakati, inaonyesha mwezi huu mwajiri kaleta mchango na mwezi huu hajaleta. Nikasema, "Mama, hii sio niliyoandika mimi. Nilikuwa mtunza stoo, namsimamia mtu mmoja, kijana wa kubeba mizigo, na Jumamosi hata yeye alikuwa haji." Wakacheka wote watatu. Yule mama akachukua peni akakata neno Meneja, akaandika kitu juu yake kwa herufi ndogo, akaniuliza sasa nikipokea mifuko 600 ya simenti na hati inasema 620 nafanya nini. Hapo ndo nilipokuwa napataka, nikaongea dakika kumi.

Nilitoka najua kazi nimeikosa, kumbe ndo nimeipata.

Nilipomuuliza dalali akasema, "Dada, ile ni kuiboresha tu, kila mtu anafanya." Labda kila mtu anafanya, ila siku ya kukamatwa jina lililoandikwa juu ni langu, lake halipo. Tangu siku hiyo ukinitafutia kazi nakwambia kitu kimoja, nitumie kwanza hiyo utakayopeleka, niisome, nikurudishie, ndo uipeleke. Na jingine kwa wewe unayetafuta kazi, usimpe dalali wa pili sivii yako kwa nafasi ile ile. Kuna dada namfahamu sivii yake ilifika kampuni moja kupitia madalali wawili, moja inasema miaka minne ya uzoefu nyingine sita, kampuni ikaona hapa kuna ugomvi wa nani alipwe na kuna muongo, wakaziweka zote pembeni.

Wiki moja baadaye akapiga simu saa tatu asubuhi. "Dada imeisha hiyo! Wamekupenda. Leo leo andika barua ya kuacha kazi, wanataka uanze mwezi ujao." Nikamuuliza mkataba uko wapi, akasema unakuja, ni taratibu tu. Mi nalipwa kwa mwezi, na kwa sheria yetu ya ajira notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, nikapiga hesabu nikaona nikichelewa leo tarehe ya kuanza itanipita. Nikaandika. Bosi wa vinywaji akaipokea, akanitakia heri, na jioni hiyo hiyo akampigia mpwa wake wa Morogoro aje achukue nafasi.

Huo ndo ujinga wangu mkubwa kwenye hii habari na simsingizii mtu. Siku tatu baada ya barua yangu ndo ikaja fomu ya ridhaa, kwamba nakubali kampuni fulani ihakiki vyeti vyangu, waajiri wangu wa zamani, na wadhamini wangu watatu, yani watu wa kueleza mimi ni mtu wa namna gani. Yani uhakiki ulikuwa bado haujaanza na mimi kazi nimeshaacha.

Kwenye makaratasi sikuwa na wasiwasi, na hapa nisimame kidogo kwa sababu wengi wanaangukia hapa hapa. Mimi kwenye cheti cha kidato cha nne jina la baba lina s mbili, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA lina s moja, na kwenye cheti cha kuzaliwa kuna jina la babu ambalo kwingine kote halipo. Mwalimu aliandika alivyosikia, karani aliandika alivyosikia, na wewe unakuja kuwa watu watatu. Niliyamaliza haya mwaka 2021 nilipokuwa nafuatilia mambo mengine, nikaenda kwa wakili nikala kiapo, na wakili akaniambia kama jina ni tofauti kabisa, sio herufi tu, kiapo hakitoshi, inabidi hati ya kubadili jina ile wanaita didi poli, isajiliwe. Ukisubiri mpaka umepewa siku tano za kuleta makaratasi hutaiwahi. Na cheti kiwe cheti. Kuna watu mpaka leo wanatembea na karatasi ya matokeo, matangazo ya kazi za serikali yanasema wazi hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki na bado watu wanaambatisha, halafu wanasema kuna upendeleo.

Yule kijana aliyesema ni uonevu naona hakuwa na umri wa kukumbuka mwaka 2017. Tarehe 28 mwezi wa nne mwaka huo pale Chuo Kikuu cha Dodoma Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma na idadi ya waliokutwa na vyeti vya kughushi ilikuwa 9,932. Elfu tisa mia tisa thelathini na mbili. Mtaani kwetu waliondoka wawili, mmoja ana miaka mingi kazini, ana nyumba, ana watoto chuo. Baada ya hapo hata wenye makampuni binafsi walishtuka, kama serikali yenyewe ilikuwa nao wote hao je mimi mwenye wafanyakazi arobaini. Kwa hiyo wakitaka kukagua cheti changu wakague. Mi mwenyewe stoo sipokei mzigo kwa kuangalia boksi, nafungua nahesabu.

Basi nikapeleka vyeti, kiapo, NIDA, taarifa ya NSSF, cheti cha polisi cha tabia njema nilichowekea alama za vidole, na majina ya wadhamini watatu na namba zao. Mwalimu wangu wa chuo cha ufundi cha VETA, bosi wa vinywaji, na mzee wa Gerezani.

Kimya.

Wiki ya kwanza nikasema taratibu. Ya pili nikampigia dalali, akasema wanamalizia. Ya tatu hapokei, WhatsApp tiki mbili za buluu, hajibu. Notisi yangu ikaisha, nikakabidhi funguo za stoo kwa mpwa wa bosi, kijana mzuri tu, nikarudi nyumbani nikakaa. Mwisho wa mwezi wa nane ikaja meseji moja, mistari miwili. "Habari dada. Kampuni imeamua kuendelea na mtu mwingine. Tutakutafuta nafasi ikitokea." Nikaandika kwa nini? Buluu. Nikapiga. Haipatikani.

Mhariri, kukosa kazi nimeshakosa mara nyingi, haiui. Kinachokula mtu ni kutojua. Usiku unajihesabu mwenyewe kama stoo yenye upotevu, ni lile jina la baba? Ni kwa vile nilimkana yule dalali mbele ya watu? Mama yangu akaanza kusema kuna mtu hapendi maendeleo yangu na akamtaja jirani kwa jina, jirani wa watu hana habari. Mi nikaanza kuuza vitumbua asubuhi pale njia panda huku natafuta.

Mwezi wa kumi nikaenda Kariakoo kununua misumari ya bati, kaka yangu anaezeka, nikasema nipite kwa mzee nimsalimie, miaka mitano sijamwona. Nimemkuta amekaa pale pale, kiti kile kile cha plastiki, redio kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Mama Stoo. Hivi we una madeni gani huko mjini?"

Nikajua anatania. "Madeni gani tena mzee?"

"Si wale watu wako wamenipigia! Mwezi wa saba ule, mwishoni. Binti anaongea harakaharaka kama redio, ananitajia majina matatu, mara unamfahamu huyu, amekuweka wewe mdhamini wake. Nikamwambia simjui, sijamdhamini mtu yeyote, deni lake alipe mwenyewe na mkinipigia tena naenda polisi. Baadaye kijana ananiambia hilo jina la katikati si la Mama Stoo? Nikasema haiwezekani, Mama Stoo sio mtu wa kukopa."

Nikakaa juu ya mifuko ya simenti, simenti ikanipaka sketi yote, sikuijali.

Na mzee alikuwa na haki yake. Mwaka ule hizi programu za mikopo ya kwenye simu zilikuwa zimewatesa watu vibaya, unakopa elfu thelathini, ukichelewa siku mbili wanawapigia watu wote walio kwenye simu yako, mama mkwe, shehe, mchungaji, bosi, wanawaambia huyu tapeli amekuweka wewe mdhamini. Kijana mmoja wa dukani pale pale alishafanyiwa, picha yake ilitumwa kwa wateja. Benki Kuu ilikuja kuzifungia 69 zisizo na leseni, ila hiyo ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mimi nimeshaungua. Sasa mzee wa miaka sabini anapigiwa na namba ngeni, anatajiwa jina ambalo hajawahi kulitumia, halafu anasikia neno mdhamini. Kwetu mdhamini ni nani? Ni yule anayekwenda polisi kukutoa na hati ya nyumba, au yule ambaye friji lake linabebwa kwa ajili ya mkopo wako wa vikoba. Neno lenyewe linatisha. Nani kasema mtu anayeeleza tu kwamba ulikuwa unawahi kazini aitwe mdhamini?

Mzee alipoelewa alinyamaza muda mrefu, akazima redio. Akamwita kijana alete soda, mbili, akasahau kwamba mi sinywi soda.

Mkosa wa kwanza ni mimi. Niliandika namba ya mtu ambaye sijaongea naye miaka mitano na sikumpigia hata dakika moja kumwambia mzee, kuna watu watakutafuta, watataja majina yangu matatu ambayo huyajui, sio mkopo, ni kazi, na watakuuliza niliingia lini na niliondoka lini na kwa nini. Simu ya shilingi mia ingeniokolea laki tisa na nusu kila mwezi. Siku hizi kabla sijaandika jina la mtu nampigia, nakubaliana naye saa anayopatikana, namtumia tarehe kwa meseji ili asibahatishe, na kwenye fomu pembeni ya majina yangu naandika kabisa "anafahamika kazini kama Mama Stoo". Watu wa mapokezi wanacheka. Wacheke tu.

Na nilifanya kosa jingine la zamani zaidi. Nilipoondoka Gerezani mwaka 2019 sikudai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 44 inamtaka mwajiri akupe hicho cheti mkataba ukiisha, mi nilidhani ni kitu cha wafanyakazi wa mabenki, nikaondoka na mkono wa kwaheri na kilo tano za mchele. Ningekuwa na ile karatasi, hata mzee akane mara saba, karatasi ingesema. Siku ile ya simenti tuliiandika hapo hapo, kijana wake akachapa stationari ya jirani, tarehe za kweli, cheo cha kweli, mzee akapiga muhuri mara mbili kwa hasira.

Ila sio mimi peke yangu. Yule binti aliyepiga simu naye ana lake. Mtu amekana kwa sekunde arobaini katikati ya kelele za Kariakoo, na hapo una wadhamini wengine wawili wamesema vizuri, una NSSF inayoonyesha miaka mitano ya michango kutoka duka hilo hilo alilosema mzee hanijui. Hiyo haikukugutusha? Mi stoo hesabu zikikataa naanza kwa kurudia kuhesabu, siandiki kwenye daftari "mwizi". Wangenipigia tu, dada mbona mdhamini wako anasema hakujui, ningepanda bodaboda nikampa mzee simu mkononi na siku hiyo hiyo mambo yangekwisha.

Niliwaandikia ile kampuni baada ya hapo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 mwezi wa tano 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa gani zake zinashikiliwa na haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Nikaandika kwa heshima kwamba naomba kujua ripoti yangu ilisema nini, nikaambatisha cheti cha mzee. Sikutegemea jibu. Baada ya siku kama kumi akanipigia binti wa HR, sauti ya upole, akanisomea. "Mdhamini wa tatu amekana kumfahamu mwombaji na amegusia masuala ya madeni." Maneno kumi na moja. Akaniambia nafasi imeshajazwa, ila atairekebisha ile ripoti na kuweka cheti kwenye faili langu, na akaniomba msamaha kwa niaba yake mwenyewe, sio kwa niaba ya kampuni, alisisitiza hivyo. Nilimshukuru kwa dhati. Yeye ndo mtu wa kwanza kuniambia kilichotokea, na ilikuwa miezi mitatu imepita.

Kwa hiyo ninachoomba kwa makampuni na kwa hawa mawakala sio kwamba muache kuchunguza. Chunguzeni, tena mchimbe. Ila mkikuta kitu mwambieni mwenyewe kabla hamjaamua, mpeni hata siku mbili ajibu. Cheti feki hakina majibu, mwenye nacho ataingia mitini mwenyewe na mtakuwa mmemjua. Sisi wenye s moja na s mbili, na wazee wenye hofu ya mikopo, majibu tunayo. Na usimwambie mtu aache kazi wakati fomu ya ridhaa hujampelekea, huo sio uchangamfu kaka yangu, unacheza na ugali wa watoto wa watu.

Kwa sasa nimeajiriwa kwenye ghala la nafaka huku Vingunguti, laki sita na nusu, sio haba. Mwezi uliopita dalali mwingine, mama mmoja makini, alinitumia sivii yangu kwanza niisome kabla ya kuipeleka mahali, nikabadilisha tarehe moja nikamrudishia. Jumanne iliyopita wamempigia mzee. Najua kwa sababu alinipigia dakika ile ile anahema kama aliyepanda ngazi, akasema wameuliza na amewajibu yote, na amewaambia kama wanataka mtu wa mauzo pia ana mjukuu wake amemaliza chuo yupo tu nyumbani. Mkataba bado haujaja. Barua ya kuacha kazi sijaandika.

Mama Stoo,
Tabata, Dar es Salaam